Simu ya muziki: ubishi wangu na shemeji juu ya spika, kadi na tundu la hedfoni

Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu, na kama kuna swali nimelijibu mpaka nikalizoea ni hili la "fundi, nipatie simu iko na muziki poa". Mtu akiuliza hivyo karibu kila mara anafikiria spika, ati simu ikilia hapa wa duka la tatu wasikie, na hapo ndipo mimi hutofautiana na wateja wangu na hata na watu wa nyumbani, manake kwangu simu ya muziki ni ile naweza kuitia mfukoni nikabadilisha wimbo kwa kidole bila kuitoa, inakubali hedfoni za kawaida, inabeba kadi kubwa ya kutosha na betri yake inafika jioni. Kelele si muziki. Najua kuna watakaokataa, na shemeji yangu ndiye wa kwanza.

Lakini kwanza turudi nyuma kidogo, manake vijana wa siku hizi wanadhani simu ya muziki ni kitu cha juzi. Sony Ericsson walitoa W800 mwaka wa 2005, ile nyeupe na rangi ya machungwa, simu yao ya kwanza kubeba jina la Walkman, na kwa masikio yangu sauti yake ilikuwa tamu sana. Shida ni venye ilipangwa. Chaja na hedfoni zote zilikuwa zinaingia kwa mdomo mmoja wa chini, mdomo ambao ulikuwa wa Sony Ericsson pekee, kwa hivyo bila ule waya wake wenye kiungo cha katikati huwezi kuchomeka hedfoni ya kununua stejini, na memori yake ilikuwa Memory Stick, kadi ya Sony wenyewe, wakati dunia nzima inaelekea microSD, kadi ndogo ya simu nyingi. Waya ukikatika unabaki na simu nzuri ambayo haiimbi. Hapo nilijifunza kitu ambacho bado nakiamini, kwamba uzuri wa simu ya muziki unapimwa na vile vitu vidogo vya pembeni, vinapatikana wapi na kwa pesa ngapi, kabla hata hujaisikiliza.

Ndiyo maana Nokia walipokuja na XpressMusic, zile simu zao za muziki, watu wa huku tuliwaelewa haraka. Ile 5310 ya 2007 ilikuwa nyembamba, haifiki hata sentimita moja, gramu 71 tu, na ule ukanda wa rangi pembeni, mwekundu au wa bluu, na pembeni mwa skrini vitufe vitatu vya muziki, rudi, cheza, endelea. Juu tundu la milimita 3.5, lile la kila redio na kila kompyuta. Alafu ikafuata 5800 ya kugusa skrini, ilitangazwa mwaka 2008 ikiwa na kadi ya GB 8 ndani ya boksi, hiyo ilikuwa ya wenye pesa, na mwishoni mwa mwaka huo huo wakatangaza 5130, na hiyo ndiyo ilikuwa simu ya watu. Unajua kwa nini? Betri. 5130 ilikuwa inatumia BL-5C, betri ile ile ya Nokia 1100, na BL-5C hata ukienda soko la ndani kabisa unaipata juu ya meza karibu na sabuni na viberiti. Sauti nzuri ilikuwepo, vitufe vilikuwepo, lakini mtu wa Ahero au Muhoroni aliipenda kwa sababu ikichoka anajua atairudishaje kazini.

Kisha zikaja zile za Mchina. Jameni zile simu! Mgongo mzima umejaa mashimo ya spika, antena ya kuvuta, taa zinawaka kufuata mdundo, laini mbili au tatu. Zilikuwa na kelele ya kufunga mtaa na watu walizipenda kweli, harusi ndogo, kazi ya shambani, kinyozi, kila mahali zinalia. Mimi nilizifungua nyingi na ndani ya ile safu ya mashimo mara nyingi unakuta spika moja au mbili tu, mashimo mengine yote ni pambo la plastiki. Mwishoni mwa Septemba 2012 tume ya mawasiliano, wakati huo ikiitwa CCK, ikaamuru simu feki zote nchini zifungwe, na ukifika Oktoba nyingi zikawa zimezimwa kwenye mitandao, haziwezi kupiga wala kupokea. Kuna wateja waliendelea kuzitumia kama redio tu za kuchezea nyimbo, mpaka betri zikavimba.

Sasa huu ubishi wenyewe. Shemeji, mume wa dada yangu, ni mtu wa boda, anafanya kati ya hapa Kondele na Mamboleo. Ana simu kubwa ya kugusa ya M-Pesa na WhatsApp na wateja, lakini ikawa inamwishia moto saa nane mchana kwa sababu ya muziki, na mtu wa boda akizimikiwa na simu ni wateja wanapotea na malipo hayaingii. Nikamwambia achukue Nokia 5310 ile mpya, ile HMD, kampuni iliyochukua jina la Nokia, walirudisha mwaka 2020, aifanye ya muziki peke yake. Akaichukua. Alafu akakaa nayo muda, akaja kwa meza yangu na malalamiko tayari, na siku hiyo wateja wawili na mpwa wangu anayesoma Maseno walikuwepo, basi ikawa kikao.

Shemeji akasema hivi: hii simu ni ya 2G, haina Wi-Fi, haina WhatsApp, kamera yake ni VGA, yaani haifiki hata megapikseli moja, picha ya mtoto inatoka kama imepigwa kwenye ukungu, na hizi spika mbili za mbele ambazo tulisifiwa nazo, zikiwekwa wimbo wa benga zinapiga kelele za bati. "Fundi, umeniuzia nini?" Na ukweli ni kwamba kila kitu alichosema ni kweli. Hiyo ndiyo simu yenyewe. MB 8 za RAM, MB 16 za ndani, ukiitoa kadi haibaki na mahali pa kuweka hata albamu moja.

Lakini hiyo ya benga ndiyo nilitaka tuizungumzie taratibu, manake hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Benga yetu sisi watu wa ziwa iko na tabia yake. Inaanza na mwimbaji, gita zinatembea polepole, maneno yanasemwa, watu wanatajwa majina, alafu katikati mwimbaji ananyamaza na gita zinaachiliwa, gita la solo linakimbia na besi inalifukuza nyuma, na hapo ndipo mtu anainuka kwa kiti. Ukitoa besi hapo hakuna wimbo, kuna gita moja linalia peke yake. Na besi ndiyo kitu cha kwanza spika ndogo inapoteza. Waya mnene kabisa wa gita la besi unatikisika mara 41 kwa sekunde, na kusukuma hewa ya mtikisiko wa chini namna hiyo unahitaji kitambaa cha spika kikubwa, kama cha sabufa. Spika ya simu ni upana wa kucha ya kidole gumba. Haiwezi. Si Nokia, si simu ya laki moja, hakuna simu inaweza kukupigia huo mtikisiko wa chini kwa spika yake, hizo za bei zinajaribu tu kwa ujanja wa programu. Ndiyo maana ukichezea orutu, lile zeze letu la waya mmoja, au sauti ya mwanamke kwenye simu ndogo unasikia vizuri kabisa, manake sauti hizo zinakaa juu, lakini besi ikiingia ni bati tupu, na ukiongeza volyumu mpaka mwisho inakuwa mbaya zaidi kwa sababu kile kitambaa kinafika mwisho wa safari yake kinagonga.

Nikachomoa hedfoni zangu za kazi, nikachomeka kwa ile 5310 yake, nikamwekea wimbo ule ule. Nilimtazama uso. Gita zilipoachiliwa akaanza kutingisha kichwa. Akasema, "Kumbe besi iko!" Besi ilikuwepo tangu mwanzo, ilikuwa imekosa mlango wa kutokea.

Mteja mmoja pale akaleta hoja nzuri sana ambayo siwezi kuipuuza. Akasema sawa fundi, lakini muziki wa huku si wa mtu mmoja. Benga na ohangla si za kusikiliza ukiwa umejifungia masikio, ni za watu, mnakaa chini ya mwembe mnasikiza pamoja, mama anapika anasikia, jirani anapita anaitikia. Simu ya hedfoni inakutoa kwa watu. Hapo mimi nilikubali, kwa sababu ni kweli, na ndiyo sababu zile za Mchina zilipendwa. Jibu langu lilikuwa tu kwamba kwa kazi hiyo usinunue simu, nunua ile spika ya kuchomeka flashi au kadi, au chukua waya wa milimita 3.5 uunganishe simu na sabufa ya nyumbani. Hiyo tena ni faida ya tundu, manake simu nyingi kubwa za siku hizi zimeondoa tundu kabisa na unalazimika kutumia Bluetooth au adapta, na Bluetooth ni betri mbili za kuchaji badala ya moja.

Sasa tukiwa kwa tundu, wacha niseme kitu ambacho kimewasumbua wazee wengi. Kuna mzee mmoja, jaduong' wa kutoka upande wa Ahero, ana 5130 yake mpaka leo, ameitunza, kava amefunga na raba. Alikuja akaniambia, "Mwanangu, hizi hedfoni nimenunua mpya lakini mwimbaji amepotea, nasikia vyombo kwa mbali kama viko ndani ya kisima." Duka alilonunua walimwambia simu imekufa, anunue nyingine. Simu ilikuwa nzima na hedfoni pia zilikuwa nzima! Tatizo ni mpangilio wa pini. Hedfoni zenye maiki zina pete nne za chuma kwenye pini, ukihesabu na ncha, na zamani Nokia na wengine walifuata mpangilio unaoitwa OMTP, ambapo maiki na waya wa ardhi, ule wa kurudisha umeme, zimekaa kinyume na mpangilio wa CTIA ambao karibu simu zote za sasa zinafuata. Ukichomeka hedfoni ya leo kwenye simu ya wakati ule, waya wa ardhi unakosa mahali pake, sikio la kushoto na la kulia zinaanza kupunguzana, na kwa sababu sauti ya mwimbaji imewekwa katikati, sawa kwa masikio yote mawili, yeye ndiye anayefutika. Nilimwambia mzee abonyeze kile kitufe cha kupokea simu kwenye waya na akishikilie. Mwimbaji akarudi papo hapo, manake kile kitufe kinaunganisha maiki na ardhi. Mzee alicheka akakishika hivyo wimbo mzima. Dawa yake ni rahisi, hedfoni isiyo na maiki, yenye pete tatu, hiyo inafanya kazi kwa simu zote zenye tundu la milimita 3.5, za zamani na mpya, na huwa ni ya bei ndogo zaidi.

Na kitu kingine cha tundu: uchafu. Simu ya muziki inaishi mfukoni, na mfuko wa jaketi una nyuzi na vumbi, mtu akichomeka pini anazisukuma ndani na kuzishindilia. Siku moja hedfoni hazifiki mwisho, zinasikika upande mmoja, au mbaya zaidi umechomoa hedfoni lakini alama yake bado iko kwenye skrini na spika imenyamaza, simu inaamini bado umevaa. Watu huja wakisema spika imeungua. Mimi nachukua kijiti cha meno, nakizungushia pamba kidogo sana, naichovya kwenye spiriti, nazungusha polepole, na inatoka donge la nyuzi la kijivu. Nimeshatoa madonge ya kutosha. Usitumie sindano, ndani kuna vile vibati vya kugusia vinapinda.

Tukarudi kwa shemeji. Baada ya hiyo ya hedfoni akabadilisha wimbo wa malalamiko, akasema nyimbo zake hazijulikani, simu inaonyesha "Track 01, Track 02, Unknown", na ana nyimbo mia kadhaa. Hii ni shida ya kweli na kwa maoni yangu ndiyo udhaifu mkubwa wa hizi simu kuliko hata kamera. Simu ndogo haina akili ya kutafuta jina kwenye intaneti, inasoma tu maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili, na nyimbo zetu za huku zimetoka kwenye kanda, zikaenda kwenye CD, zikaenda kwenye kompyuta ya saiba, zikaenda kwenye flashi ya mtu, hakuna aliyejali kuandika jina. Alafu jina refu la wimbo linakatwa kwenye skrini ya inchi 2.4. Nilikaa naye jioni nzima kwenye kompyuta tukaandika, tukaweka folda, benga za zamani, ohangla, rumba, injili, na mbele ya kila faili tukaweka namba 01, 02, 03 ili zijipange. Ni kazi ya kuchosha lakini ukimaliza umemaliza, na kuna raha yake manake unazisikiliza moja moja na unagundua una wimbo mmoja umejirudia mara nyingi chini ya majina tofauti.

Kadi nayo. Hii simu inakubali kadi mpaka GB 32. Shemeji alikuwa amenunua ya GB 64 barabarani kwa bei ya kushangaza, ikakataa, na hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba kadi za GB 64 kwenda juu huja zimepangwa kwa mfumo wa exFAT na simu ndogo nyingi zinasoma FAT32 pekee. La pili, ambalo linauma zaidi, ni kwamba kadi nyingi za bei hiyo ni za uongo. Zimeandikwa 64 nje, kompyuta nayo inaona 64, lakini ndani kuna 4 au 8, na ukishapita hapo inaandika nyimbo mpya juu ya zile za zamani, unaona jina la wimbo liko lakini ukibonyeza linaruka. Kuna programu ya kompyuta inaitwa H2testw, ya bure, inajaza kadi yote alafu inasoma tena kuona kama yaliyoandikwa ndiyo yaliyoko. Inachukua muda mrefu, unaiacha unaenda kula. Ya shemeji ilikuwa GB 8 kasoro. Tukanunua ya 32 kutoka duka lenye risiti, na GB 32 ni nyingi jamani: MP3 ya 128 kbps inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hivyo hata benga ndefu ya dakika nane ni kama MB 8, ukipiga hesabu ni nyimbo karibu elfu nne. Hakuna anayezimaliza.

Hapo mpwa wangu ndiye akaingia, na yeye alinibana kuliko shemeji. Alisema, "Mjomba, nyinyi mnaongea kadi na folda, mimi nina apu, natafuta wimbo wowote naupata na jina lake na picha yake." Mimi nikampigia hesabu ya data. Ukisikiliza mtandaoni kwa kiwango hicho hicho cha 128 kbps ni karibu MB 58 kwa saa. Tuseme mtu anacheza muziki kutwa, saa kumi, hiyo ni zaidi ya MB 570 kwa siku moja, kila siku, na bado kuna mahali njiani mtandao unakatika wimbo unasimama katikati. Kadi haina bando na haina mlingoti.

Akanijibu kitu kilichonifanya ninyamaze. "Na mwenye kuimba analipwa na nani?" Manake ni kweli. Apu za muziki, Boomplay, Spotify ambayo ilifika Kenya Februari 2021, hata kama ni senti ndogo sana, kuna kitu kinaandikwa mahali kwamba wimbo wa fulani umechezwa. Zile nyimbo za kwenye kadi, za kunakiliwa kutoka flashi hadi flashi, mwenye gita hakupata chochote, na sisi watu wa huku tunapenda kusema benga ni yetu na tunajivunia nayo kila mahali huku waliopiga hizo gita wengi wamezeeka au wamekufa bila faida ya maana. Simu ya muziki yenye kadi ilisaidia nyimbo kuishi na kufika kila kijiji, hilo nalitetea, lakini ilifanya kunakili kuwe rahisi mno. Sina jibu la kumshinda mpwa wangu hapo. Ninachofanya siku hizi, bendi ikipiga moja kwa moja hapa mjini na wana CD au flashi yao ya kuuza, nanunua yao, alafu hiyo ndiyo naweka kwa kadi yangu, na nawaambia wateja wafanye hivyo. Wengine wanafanya.

Kuna jambo moja ambalo mimi na shemeji hatubishani kabisa, tulikubaliana mara moja. Hedfoni mbili masikioni ukiwa kwa pikipiki, hapana. Barabara ya kwenda Kakamega malori yanapita kwa kasi na unahitaji kusikia honi iliyo nyuma yako. Yeye anasikiliza akiwa stejini anasubiri mteja, pikipiki ikianza kutembea anazitoa, na dada yangu amemwapia kwamba akimwona barabarani nazo atazikata kwa makasi. Na volyumu pia isifike mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu anayekaa na muziki kutwa anafika hizo saa 40 kabla wiki haijaisha.

Redio nayo nisiisahau. Ile 5310 ya 2007 redio yake ilihitaji waya wa hedfoni kama antena, bila waya hakuna stesheni. Hii ya 2020 redio inaingia hata bila waya, na kwa wazee wetu hicho ndicho kitu kikubwa kuliko MP3 zote, mzee anataka Ramogi FM asubuhi, matangazo ya vifo na salamu na habari kwa Kiluo, anataka abonyeze mara moja iseme. Ukichomeka waya inashika vizuri zaidi ukiwa ndani vijijini, lakini si lazima.

Kwa hivyo shemeji bado anayo. Inakaa mfuko wa kushoto, betri ya mAh 1200 haimsumbui kwa sababu ile simu haina mtandao wa kukimbiza wala skrini kubwa ya kuwasha, na ile kubwa ya M-Pesa sasa inafika usiku. Hajaacha kulalamika juu ya kamera. Anasema mtengenezaji angeweka hata kamera ya megapikseli 2 kama ile ya mwaka 2007, na hapo mimi sina la kumtetea mtengenezaji, manake simu ya jina hilo hilo miaka kumi na tatu baadaye kuja na kamera ndogo kuliko ya kwanza ni kumdharau mnunuzi. Yeye anaona hiyo ni sababu ya kutoinunua, mimi naona ni sababu ya kuipigia picha na simu nyingine.

Juzi ameanza kuulizia moja ya mama yake kule Siaya. Nimemwambia asiagize kwa kuona picha, aende dukani yeye mwenyewe na kadi yake na hedfoni zake za pete tatu, aweke wimbo anaoujua kila noti, asikilize mwimbaji yuko katikati au amepotea, achomoe na kuchomeka pini mara kadhaa aone kama spika inarudi, aweke simu mfukoni abadilishe wimbo bila kuangalia, alafu afungue mgongo aone betri inatoka na aulize kama nyingine inapatikana Siaya mjini. Muuzaji akikataa asichomeke kadi yake, ahame aende duka linalofuata, yako mengi.